Vihesabuni na vipimamvua vya uani: barua ya wazi kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania

Kwa Mkurugenzi Mkuu na wataalamu wote,
Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

YAH: WAPIMA MVUA WA KUJITOLEA

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,



Mimi ni mstaafu, mkazi wa Morogoro, na uani kwangu kuna kipimamvua. Saa tatu asubuhi, saa ileile ambayo watumishi wenu husoma vyao, natoka na daftari, nasoma, naandika. Hii si taaluma yangu wala silipwi, na majirani wameshazoea kuniuliza napata shilingi ngapi kwa kuchungulia kopo. Wenzangu wapo: walimu wa jiografia, wakulima wa kahawa na chai, masista wa misheni, wenye mashamba makubwa, vijana wapenda elektroniki walioagiza vituo vidogo vya hali ya hewa na kuvifunga juu ya paa. Kila mmoja anapima kivyake, na daftari likijaa linaingia kabatini. Ombi langu ni kwamba takwimu hizi zipate mlango wa kuingilia kwenu, na anayezileta apate jibu.

Mtaniuliza za nini, ikiwa mna vituo vyenu, mna rada Dar es Salaam, Mwanza, Mtwara na kwingineko, na picha za setilaiti zinaingia kila robo saa. Nianze na mlima ninaouona dirishani.

Upande wa mashariki wa Uluguru, kuelekea Kinole, unakinga upepo wenye unyevu utokao Bahari ya Hindi, na mvua ya mwaka huko hupita milimita 2,000. Ukivuka mgongo wa mlima ukateremkia Mgeta, kiasi kinapungua sana. Mjini Morogoro, chini ya mlima huohuo, twapata chini ya nusu ya mvua ya Kinole, na mwaka mbaya hata hiyo hatuioni. Yote haya ni ndani ya mkoa mmoja, na kati ya Kinole na Mgeta ni mlima tu. Sasa mwambie mkulima wa ndizi wa Kinole na mkulima wa kabichi wa Mgeta kwamba msimu huu mkoa wa Morogoro umepata mvua za wastani. Kitakwimu hujakosea, lakini hakuna kati yao aliyeambiwa habari za shamba lake.

Setilaiti hulitazama wingu kwa juu na kukisia mvua kutokana na ubaridi wa kilele chake. Mvua ya mlimani mara nyingi hutoka kwenye mawingu mafupi ambayo kilele chake si baridi kiasi hicho, kwa hiyo huhesabiwa pungufu. Rada nayo mwale wake huzibwa na milima, na kadiri unavyokwenda mbali ndivyo unavyozidi kuinuka kutoka ardhini, mpaka unapita juu ya mvua yenyewe. Haya nyinyi mnayajua na mnayafundisha. Ninayataja kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba tangu setilaiti zirushwe, kopo la mvua limekuwa kitu cha makumbusho. Mwaka 2017 watafiti walichapisha hesabu moja: midomo ya vipimamvua vyote duniani ambavyo takwimu zake zinapatikana, ikiunganishwa pamoja, haifiki nusu ya uwanja wa mpira. Kila tunachosema kuhusu mvua ya dunia nzima kimesimama juu ya kieneo hicho.

Na matokeo yake yanagusa mifuko ya watu. Ramani za mvua zinazotumika kutoa tahadhari za njaa, na hata kukokotoa bima za mazao, huchanganya makisio ya setilaiti na vipimo vya ardhini. Pale penye vipimo vichache, ramani inabaki kubahatisha. Mkulima ambaye mahindi yake yamekauka anaweza kuambiwa kwamba kwa mujibu wa ramani shamba lake lilipata mvua ya kutosha, basi halipwi. Hana cha kubishana nacho. Angekuwa na jirani mwenye kipimamvua kinachotambulika, angekuwa na shahidi.

Twende mtoni. Maji yanayojaa Jangwani, Dar es Salaam, si lazima yawe ya mvua iliyonyesha Jangwani. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, na mvua ikipiga huko usiku, wakazi wa bondeni huamkia maji hata kama mabati yao hayakulia sana. Watu wachache tu wenye vipimamvua na simu huko juu wangetosha kusema, mvua ikiwa bado inaendelea, kwamba saa moja iliyopita zimeshuka milimita 50. Wangewaambia nyinyi, si umma, na nyinyi ndio mngeamua la kufanya. Kilosa ni hivyohivyo: Mto Mkondoa hupokea maji ya Mpwapwa na Dodoma, na mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 yaliyong'oa reli ya kati yalitoka kwenye mvua ambayo sehemu yake kubwa ilianguka mbali na Kilosa. Dar es Salaam kwa upande wake inakunywa maji ya Ruvu, mto unaozaliwa huku kwetu Uluguru. Mji ulipoingia kwenye mgao wa maji mwishoni mwa 2022, swali la mvua imenyesha kiasi gani nyuma ya mlima lilikuwa swali la mamilioni ya watu ambao hawajawahi kukanyaga Kinole.

Pwani nako hali ya hewa hubagua. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja karibu yote, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na uzito wa zao hilo ukahamia Pemba mpaka leo. Visiwa viwili vya jirani.

Najua hofu yenu ya kwanza. Sheria Na. 2 ya mwaka 2019 iliyoifanya taasisi yenu kuwa Mamlaka inawapa usimamizi wa huduma hizi na jukumu la kutoa tahadhari, na inataka wenye vituo vya hali ya hewa wavisajili. Naiunga mkono. Kila kinapotajwa kimbunga, simu hujaa sauti za WhatsApp za wataalamu wasiojulikana na picha za mafuriko ya nchi nyingine. Mlipokifuatilia Kimbunga Hidaya mwanzoni mwa Mei 2024, kabla barabara ya kusini haijakatika kule Kilwa, sauti iliyotakiwa kusikika ilikuwa yenu peke yenu. Lakini kupima si kutabiri. Mtu anayesema jana kwangu imenyesha milimita 43 hajatabiri chochote, ametoa ushahidi wa lililokwisha kutokea. Na nyinyi ndio mnaouhitaji ushahidi huo kuliko wote. Kimbunga Jobo, Aprili 2021, kilitangazwa kikielekea pwani yetu kikafika kimenyong'onyea, watu wakacheka. Kicheko kile kingejibiwa vizuri na ramani ya vipimo vya kijiji kwa kijiji, inayoonyesha palipolowa na palipobaki pakavu. Utabiri usiopimwa baada ya tukio haujifunzi kitu.

Kwa hiyo ninachoomba kwenye usajili ni daraja la chini kabisa, la bure, kwa mwenye kipimamvua cha mkono au kituo kidogo cha nyumbani, ambalo usajili wake ataumaliza kwa simu akiwa uani: jina, kijiji, aina ya kifaa, na picha nne za pale kilipo, kila upande wa dira picha moja. Mwenye kopo asipitie mlolongo mmoja na mwenye mtambo wa uwanja wa ndege. Sharti la daraja hilo liwe kwamba anatoa vipimo, hatoi tahadhari, na akikiuka afutwe.

Hofu ya pili ni nzito zaidi, nami naiheshimu: takwimu mbovu ni afadhali zisiwepo. Mmezoea vifaa vilivyosanifiwa, vyenye ratiba ya ukaguzi, na sasa mzee mmoja wa Morogoro anataka mkubali namba ya kopo lake. Hapa ndipo wenye vituo vya nyumbani tunapopaswa kuambizana ukweli. Vile vituo vya kielektroniki vinavyopendeza machoni vina kijiko ndani kinachopinduka kila kinapojaa, kwa kawaida kila milimita 0.2. Nyigu anapenda sana kujenga humo. Buibui naye. Jani moja la mwarobaini likiziba tundu, kituo kitaripoti ukame katikati ya Masika. Mvua kubwa ikimwagika kwa kasi, kijiko hakiwahi, na sehemu ya maji hupita bila kuhesabiwa. Kipimajoto kilichofungwa juu ya bati kinapima joto la bati. Mhandisi wa minara ya taa Thomas Stevenson alibuni kisanduku cheupe chenye mbavu za kupitisha hewa ili kipimajoto kisipigwe jua, na hadi leo hakuna skrini ya rangi inayofuta ulazima wa kivuli na hewa. Kwa maoni yangu, anayetaka kuanza anunue kwanza kipimamvua cha plastiki cha kusoma kwa jicho. Ni rahisi, hakina betri, na ukikisafisha kimesafishika.

Baada ya hapo kanuni ni chache na mtoto wa darasa la sita anaziweza. Kipimamvua kikae wazi, mbali na ukuta au mti kwa angalau mara mbili ya urefu wa ukuta au mti huo. Mdomo uwe mlalo sawasawa. Kisomwe saa ileile kila siku. Aliyesafiri aandike amesafiri, asijaze kwa kukisia, na maji ya siku tatu yaliyolimbikizana yaandikwe kuwa ni ya siku tatu. Sisi wenyewe tunanufaika kwa kuelewa kipimo: milimita moja ni lita moja kwenye kila mita ya mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 25 juu ya bati la mita 10 kwa 8 ni lita 2,000. Mwanafunzi akishaipata hesabu hiyo hulitazama tangi la shule kwa jicho jingine.

Lakini kinga kubwa dhidi ya takwimu mbovu ni wingi wetu. Kituo kimoja kikikosea hakuna wa kukisahihisha. Vituo saba vya kata moja vikisoma kati ya milimita 50 na 70 na cha nane kikasoma sifuri, mnajua mumpigie nani, na huenda mkamkuta nyigu.

Haya yamefanyika kwingine, na si jana. Uingereza, mwaka 1860, kijana aitwaye George James Symons alianza kukusanya vipimo vya mvua kutoka kwa wapimaji 168. Alipokufa mwaka 1900 walikuwa zaidi ya 3,000: wachungaji, madaktari, watunza bustani, wenye viwanda vya kusaga. Aliwapa kanuni, aliwasahihisha kwa barua, na kila mwaka alichapisha kitabu ambacho kila mpimaji aliikuta namba yake ndani. Mwaka 2020, watu walipokuwa wamefungiwa majumbani kwa sababu ya korona, Ed Hawkins wa Chuo Kikuu cha Reading aliomba msaada wa kunakili karatasi za zamani za mvua. Watu wapatao 16,000 walijitokeza, wakaingiza kwenye kompyuta vipimo zaidi ya milioni tano kwa siku chache. Kumbukumbu za mvua za nchi ile leo zinarudi nyuma zaidi kwa sababu ya watu wa uani wa karne mbili: waliopima na walionakili.

Marekani ilijifunza kwa msiba. Tarehe 28 Julai 1997 mji wa Fort Collins, Colorado, ulipigwa na mafuriko yaliyoua watu watano. Upande wa magharibi wa mji zilianguka zaidi ya milimita 350 katika muda wa siku moja na kitu, upande wa mashariki kama 50 tu. Mji mmoja. Mwaka uliofuata Nolan Doesken, mtaalamu wa hali ya hewa wa chuo kikuu cha hapohapo, alianzisha mtandao wa wapima mvua wa kujitolea uitwao CoCoRaHS. Leo una wapimaji zaidi ya 20,000 katika majimbo yote 50 na hata nje ya nchi hiyo. Wote wanatumia kipimamvua cha aina moja, na watabiri wa serikali huvitumia vipimo vyao kila siku.

Kitu kimoja wanachokisisitiza wale ndugu ndicho ningependa Mamlaka ikisisitize hapa kuliko vyote: sifuri iripotiwe. Mpimaji mpya huwa na hamu ya kuripoti mvua kubwa, na siku kavu haoni cha kuandika. Lakini nafasi tupu kwenye daftari ina maana mbili, ama haikunyesha ama mtu hakwenda kusoma, na asomaye miaka kumi baadaye hawezi kujua ni ipi. Kwa mkulima wetu sifuri ni habari ya chakula. Vuli inaanza, inashuka mvua moja nzuri ya kupandia, watu wanatia mbegu ardhini, halafu zinafuata wiki mbili kavu na mbegu inaozea au kukaukia udongoni. Msimu huo kwenye jumla ya miezi mitatu unaweza kuonekana wa kawaida kabisa, kwa sababu mvua ilirudi baadaye ikafidia. Mkulima hakufidiwa, amenunua mbegu mara mbili. Zile sifuri kumi na nne zinaeleza kilichompata, na jumla ya msimu inakificha. Taarifa zenu za kilimo za kila siku kumi zinaanza kuligusa jambo hili, na zingeligusa vizuri zaidi zikiwa na sifuri za Dumila, Mvomero, Matombo na Kisaki, kila kijiji na siku zake.

Wala si jambo geni nchini. Wajerumani walipoanzisha kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902, mvua ilipimwa. Huduma ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1929, makao yake Nairobi, ilitegemea sana vipimamvua vya misheni, mashamba ya mkonge na chai, shule, na ofisi za boma. Wengi waliokuwa wakisoma vipimo hivyo hawakuwa wataalamu wa hali ya hewa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ikabaki na lake, mashamba yakabadilisha wenyewe, mapadri wazee wakafariki, na vipimamvua vingi vikanyamaza kimoja kimoja. Vijana nao wameonyesha wanaweza. Kuanzia 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa Dar es Salaam walizunguka mitaani na simu kuchora mitaro na nyumba za kata zinazofurika, na kazi yao imetumika. Kenya, wataalamu wa hali ya hewa wamekaa meza moja na wazee wa Nganyi kule Bunyore, wanaosoma dalili za mvua kwa njia za jadi, wakalinganisha utabiri. Kama mtaalamu anaweza kukaa na mtabiri wa jadi, mwenye kipimamvua chenye alama za milimita hawezi kumshinda.

Sasa lile la kujibu. Kuna ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, iliwahi kupokea nakala za madaftari yangu kwa mhuri na saini. Sikusikia tena. Mimi niliendelea kwa sababu ni ugonjwa wangu, lakini jirani aliyekuwa akipima pamoja nami aliniuliza mara mbili tatu kama wamejibu, kisha akaacha. Mpimaji wa kujitolea haombi posho. Fulana yenye nembo ataipokea, akaivaa shambani. Kinachomrudisha kipimamvuani siku ya baridi na ukungu ni kuiona namba yake imewekwa mahali, imetumika, au hata imekataliwa kwa sababu anayoweza kuielewa. Symons alilijua hilo na hakuwa na simu. Nyinyi mnazo. Ujumbe mfupi wa "imepokelewa" unatosha siku ya kawaida. Mwisho wa mwezi itolewe ramani ya wilaya yenye nukta za wapimaji wote, ibandikwe ofisi ya kijiji na shuleni, mtu asimame mbele yake atafute nukta yake. Kipimo kikitia shaka, apigiwe aulizwe. Na afisa ugani wa kata apewe takwimu za wapimaji wa kata yake, kwa kuwa yeye ndiye anayeulizwa na wakulima lini wapande.

Shule zipewe nafasi ya kwanza. Zina uwanja wazi, zina uzio, zina mwalimu wa jiografia anayefundisha hali ya hewa kwa mchoro wa ubaoni. Shida yake ni likizo: Masika hukutana na mapumziko na Vuli huishia kwenye mengine, hivyo kila shule iwe na mlinzi au mzazi wa jirani aliyefunzwa kusoma wanafunzi wasipokuwepo. Bila hilo tutapata mvua za siku za masomo pekee.

Msianze na nchi nzima, itawashinda na mtatuvunja moyo. Vuli inaanza Oktoba. Chagueni bonde moja, Msimbazi au Ruvu. Wapeni watakaojitokeza vipimamvua vya aina moja, wafundisheni kwa siku moja, fungueni namba moja ya kupokea ujumbe, na mwishoni mwa Desemba wekeni matokeo hadharani yakiwa mazuri au mabaya, pamoja na orodha ya vituo vilivyofaa na visivyofaa. Changu nacho kikionekana hakifai, kitajeni.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mpima mvua wa kujitolea,
Morogoro.